Mtoro, Posho na Kiti Kitupu

Siku tuliyosoma habari za Bunge la Tanzania darasani, tulicheka mpaka Mwalimu akaweka chaki mezani na kutusubiri. Somo lilikuwa rejista ya Bunge. Tulikuwa tumegawiwa habari ya Mei 2020 kuhusu Spika aliyewataka wabunge wa upinzani warudishe posho. Sisi tuliokulia Uganda tunajua posho ya aina moja tu, nayo ni ule ugali wa mahindi tuliokula na maharage shuleni tangu Jumatatu hadi Jumapili. Mwenzetu mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, kama wabunge hao wangeirudisha ikiwa imepoa au wangepika nyingine.

Mwenzetu wa Bukoba, aliyekuwa mgeni wetu muhula ule, hakucheka. Alitueleza kwamba kwao posho ni fedha anayopewa mtu kwa siku aliyofanya kazi fulani, mbali na mshahara wake, na kwamba watu wa kwao wakilisikia neno hilo likitajwa pamoja na neno mbunge, hawacheki hata kidogo. Hukasirika.

Makala hii imetoka katika darasa lile, lakini imenichukua muda mrefu kuiandika kwa sababu nilianza nikiwa upande mmoja nikamaliza upande mwingine. Swali langu ni kama ni haki Bunge kumzuilia mbunge malipo yake kama adhabu ya kukosa vikao au ya utovu wa nidhamu. Mwanzoni jibu langu lilikuwa ndiyo, na lilikuwa na sababu ya nyumbani.

Mama yangu ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mashariki mwa Uganda. Juni 2022, walimu wa masomo ya sanaa waligoma nchi nzima. Serikali ilikuwa imeamua kupandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wale wa sanaa wakaachwa pale walipokuwa. Baada ya majuma machache serikali ilitishia kwamba asiyerudi darasani angehesabiwa kuwa ameacha kazi, na Julai mgomo ukasitishwa. Mama alirudi. Mshahara wake uliofuata ulifika pungufu. Alipokwenda kuuliza, ofisi iliyohusika ilimwonyesha daftari la mahudhurio na kumwambia kwamba siku hizi na hizi hakuonekana kazini. Vipindi alivyovikosa alikuwa tayari amevifidia, Jumamosi kwa Jumamosi, bila kulipwa. Fedha ile haikurudi.

Kwa hiyo niliposoma kwamba kuna wabunge wanaokatwa fedha kwa kutohudhuria, nilifurahi. Nilijiambia, kama mwalimu ana daftari la mahudhurio, mbunge anayetunga sheria juu ya mwalimu huyo awe nalo pia. Sidhani kama niko peke yangu. Ukipanda taksi kutoka Wandegeya hadi Ntinda na mtu akaanzisha mazungumzo ya wabunge na fedha zao, hutasikia abiria hata mmoja akiwatetea. Waganda tunakumbuka kwamba mwaka 2017, wakati wa mjadala wa kuondoa ukomo wa umri wa rais, kila mbunge alipewa shilingi milioni 29 ili akasikilize wananchi, ingawa wapo waliozirudisha. Tunakumbuka pia habari zilizotoka mwaka 2024, kwamba makamishna wanne wa Bunge walijipitishia shilingi bilioni 1.7 kama shukrani ya utumishi, na kwamba mmoja wao, aliyepata milioni 500, alikuwa kiongozi wa upinzani. Mtu mwenye kumbukumbu kama hizo hahitaji hoja ndefu ili akubali kwamba mbunge akatwe.

Kilichonitoa upande ule ni Kiswahili chenyewe.

Tazama maneno matatu yanayotumika kila mara jambo hili linapozungumzwa. La kwanza ni mtoro. Magazeti ya Dar es Salaam huandika "wabunge watoro" kana kwamba ni jina la kawaida tu, na katika shule zetu mtoro ni mwanafunzi anayeruka ukuta. Lakini neno hili lina umri mkubwa kuliko shule. Katika pwani ya karne ya 19, watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana wao, na baadhi yao walianzisha vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo katika bara ya Kenya, au wakapata hifadhi Witu. Mtoro ni mtu aliyeondoka mahali ambapo mwingine anadai ana haki ya kumweka. Ndani ya neno hilo yumo bwana. Huwezi kumwita mtu mtoro bila kusema, hata kimyakimya, kwamba amemtoroka fulani.

La pili ni posho. Mwenzetu wa Bukoba alisema ni fedha, sisi tukasema ni chakula, na wote tulikuwa sahihi. Katika mashamba ya kikoloni, posho ilikuwa kipimo cha unga alichogawiwa kibarua. Uganda tukabaki na unga wenyewe, Tanzania ikabaki na wazo la kugawiwa. Mkonge wa Tanga ulilimwa kwa mfumo wa kipande: kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na siku ambayo msimamizi hakuridhika haikuwekwa alama. Kibarua angeweza kuamka alfajiri, kwenda shambani, kukata majani, na jioni siku yake isihesabiwe. Siku ilikuwa mali ya msimamizi.

La tatu ni kikao, ambalo linatokana na kukaa. Mbunge anapolipwa posho ya kikao, kwa maana ya neno lilivyo, analipwa kwa kukaa. Hili nilidhani ni mzaha wangu tu mpaka nilipogundua kwamba wabunge wenyewe wa Tanzania wamewahi kulumbana juu yake, wengine wakisema posho ya kukaa ifutwe kwa sababu kukaa ndiyo kazi anayolipwa mshahara.

Unganisha maneno hayo matatu upate picha nzima ya mtu aliyetoroka, aliyenyimwa mgao wake kwa sababu hakukaa. Ni picha ya kibarua na nyapara. Ukiikubali, kukata mshahara hakuhitaji tena kutetewa. Nami naona kosa linaanzia hapo. Mwalimu ana mwajiri, na mwajiri huyo ana daftari. Mbunge hakuajiriwa na Spika. Spika ni mbunge mwenzake au, kama sheria ya Tanzania inavyoruhusu, mtu mwenye sifa za kuwa mbunge aliyechaguliwa na wabunge. Aliyemtuma mbunge bungeni ni mpiga kura wa jimbo, na huyo hana daftari wala nafasi ya kuulizwa kabla ya mshahara wa mtu wake kuzuiwa.

Bila mfano hoja hii ingebaki darasani, na mfano ninaoujua vizuri kuliko mingine ni wa Tundu Lissu.

Septemba 7, 2017, Lissu, wakati huo mbunge wa Singida Mashariki na mnadhimu wa kambi ya upinzani, alipigwa risasi nyingi akiwa ndani ya gari nje ya makazi yake Dodoma, mchana, akitoka kwenye kikao cha asubuhi cha Bunge. Yaani alikuwa amehudhuria. Alikimbizwa Nairobi usiku uleule, na Januari 2018 akapelekwa Ubelgiji. Wabunge wenzake, wa vyama vyote, walichanga kutoka posho zao kwa ajili ya matibabu yake, na jambo hili nalitaja kwa heshima kwa sababu ni posho ileile. Hadi leo hakuna mtu aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio lile.

Mapema mwaka 2019, akiwa bado anatembea kwa shida, Lissu alianza kuzunguka Ulaya na Marekani akihojiwa na vyombo vya habari na kuisema serikali ya nchi yake. Februari, mbunge mmoja wa chama tawala alisimama bungeni na kutaka mshahara wake usitishwe, kwa hoja kwamba mtu anayeweza kuzunguka dunia si mgonjwa tena. Machi, Spika Job Ndugai, ambaye sasa ni marehemu, alithibitisha kwamba malipo yamesimamishwa. Juni 28 mwaka huohuo, alitangaza kwamba kiti cha Singida Mashariki kiko wazi, kwa sababu mbili: mbunge hakuwa amemjulisha Spika kwa maandishi aliko, na hakuwa amewasilisha tamko la mali na madeni. Uchaguzi mdogo ulipoitishwa, mgombea wa CCM alipita bila kupingwa, akaapishwa Septemba. Lissu alipoomba kibali cha Mahakama Kuu ili aupinge uamuzi wa Spika, ombi lilitupwa.

Nataka kumtendea haki marehemu Spika, kwa sababu upande wake una hoja ambayo watu wa upande wangu hupenda kuiruka. Mtu anayeweza kukaa studio ya televisheni London anaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kwenda Dodoma. Barua si kitu kikubwa. Na Katiba ya Tanzania, ibara ya 71, inasema wazi kwamba mbunge atakayekosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika atapoteza ubunge. Mkutano si kikao. Mkutano mmoja una vikao vingi, na mitatu mfululizo ni miezi mingi. Katiba ilikuwa imetoa subira ya kutosha.

Lakini angalia mpangilio wa matukio. Kwanza kulikuwa na kusema. Halafu mshahara ukasimama. Halafu kiti kikatangazwa kitupu. Kwa zaidi ya mwaka, kuanzia Septemba 2017, hakuna aliyemwita Lissu mtoro. Alikuwa hayupo kwa kiasi kilekile, kiti kilikuwa kitupu kwa kiasi kilekile, na mshahara ulikwenda. Utoro wake ulianza siku alipoonekana. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kuzuia mshahara ni adhabu ndogo, ya kumkumbusha mtu wajibu wake kabla ya adhabu kubwa. Katika kesi hii ilikuwa hatua iliyomgeuza majeruhi kuwa mtoro, na ilifanyika kimya, ndani ya ofisi, bila kura, bila kikao cha kumsikiliza. Kutangaza kiti wazi kulihitaji Spika asimame mbele ya Bunge zima. Kusimamisha mshahara kulihitaji agizo tu, na wengi tulijua baada ya jambo kutendeka.

Hapa ndipo sheria zetu za jirani zinapotofautiana kwa maneno machache yenye uzito. Katiba ya Uganda, ibara ya 83, inaweka vikao 15, na Katiba ya Kenya, ibara ya 103, inaweka vikao vinane. Zote mbili ni kali kuliko ile ya Tanzania kwa hesabu. Lakini zote mbili zinaongeza sharti moja: mbunge awe ameshindwa kutoa maelezo ya kuridhisha mbele ya kamati husika. Maelezo, kamati. Ibara ya Tanzania inamtaja Spika na ruhusa yake, inaishia hapo. Sisemi kamati ni malaika, kwa sababu kamati nayo ina wengi na wachache wake. Hata hivyo mtu anayepewa nafasi ya kujieleza ameshatoka katika hali ya kibarua wa kipande, ambaye siku yake inafutwa bila kuulizwa.

Turudi kwenye ile habari iliyotuchekesha. Kati ya Aprili 20 na Mei 1, 2020, wabunge watatu wa Tanzania walifariki dunia, bila vifo hivyo kuhusishwa rasmi na korona. Chama cha CHADEMA kikawataka wabunge wake wajitenge kwa siku 14 na wasiingie bungeni. Spika akawaamuru warudi na kurejesha fedha walizokwisha kulipwa kwa siku ambazo hawatakuwepo. Baadhi yao walibaki ukumbini, na chama chao kikawafukuza uanachama wachache kati ya hao.

Hapa, wasomaji wenzangu, naomba tutenganishe vitu viwili ambavyo hasira hutufanya tuvichanganye. Posho ya siku ni ya siku. Mbunge asiyekuwepo Dodoma hana sababu ya kulala na kula Dodoma kwa fedha ya umma, na Spika alipodai fedha hiyo irudishwe, nadhani alikuwa na haki, hata kama sababu ya kuondoka ilikuwa ya kweli. Kutolipwa kwa siku ambayo hukuifanyia kazi si adhabu. Kiswahili kinalijua hili: tunasema "hakulipwa" kwa jambo moja na "alizuiliwa" kwa jingine. Kinachozuiwa ni kile ambacho tayari ni chako. Mshahara wa mbunge ni wa namna hiyo. Haulipwi kwa kukaa tu. Unamlipia mtu awe mbunge: apokee simu ya mjane aliyenyang'anywa shamba, aende polisi kumtafuta kijana aliyekamatwa, aandike swali, asome muswada, na ndiyo, afike ukumbini. Mgonjwa aliyelala kitandani Ubelgiji hawezi kufanya yote hayo, lakini akiisema serikali kwenye redio hajaacha kuwa mbunge. Huenda hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kuna methali tunayofundishwa mapema katika somo la fasihi simulizi: asiyekuwepo na lake halipo. Ni methali ya mgawanyo. Nyama ikigawiwa, asiyekuja asilalamike. Katika karamu ni sawa. Bungeni methali hii inapinduka, kwa sababu "lake" si lake. Mbunge asipokuwepo, la Singida Mashariki bado lipo, na linahitaji kusemwa na mtu.

Kuhusu utovu wa nidhamu nitasema kwa ufupi zaidi, kwa sababu mantiki ni ileile ila kelele ni nyingi. Kanuni za Bunge la Tanzania zimekuwa zikimpa mbunge aliyesimamishwa nusu ya mshahara na nusu ya posho, jambo ambalo angalau linakiri kwamba mtu huyo bado ni mbunge. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Agosti 21, 2014, wabunge wa EFF walimzomea Rais Jacob Zuma ndani ya Bunge wakimtaka arudishe fedha za umma zilizotumika katika makazi yake ya Nkandla. Novemba, Bunge likaamua kuwasimamisha bila mshahara, baadhi siku 30, baadhi siku 14. Mahakama Kuu ya Cape Town ikaizuia adhabu hiyo Desemba, kwa muda. Kisha Machi 31, 2016, Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba Zuma alitakiwa kurudisha sehemu ya fedha hizo, na kwamba Bunge lenyewe ndilo lililoshindwa kutimiza wajibu wake wa kumwajibisha.

Sipendi namna EFF walivyofanya siku ile. Kelele bungeni hunichosha hata ninapokubaliana na anayepiga kelele. Lakini fikiria hesabu hii: wabunge walioadhibiwa kwa fedha zao walikuwa wanasema jambo ambalo baadaye mahakama ya juu kabisa ililikubali, na chombo kilichowaadhibu ndicho mahakama ilichokiona na hatia. Mfumo unaompa mkosaji mamlaka juu ya mshahara wa anayemshtaki una kasoro ambayo mahudhurio mazuri hayawezi kuifuta.

Nyumbani hatuna haja ya kwenda mbali. Septemba 2017, wakati wa mjadala ule wa ukomo wa umri, Spika Rebecca Kadaga aliwasimamisha wabunge 25, na walipokataa kutoka, askari waliingia ukumbini na kuwatoa kwa nguvu. Betty Nambooze, mbunge wa Mukono, alitoka na majeraha ya mgongo yaliyompeleka India kwa matibabu. Sasa hesabu mahudhurio yake. Vikao alivyokosa akiwa hospitali, tuviandike katika daftari la nani?

Mwalimu aliposoma rasimu yangu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Na wakigoma chama kizima, miaka miwili, utasema nini?" Alikuwa na nchi fulani akilini, nami nilikwenda kuisoma. Ireland ya Kaskazini ina bunge ambalo haliwezi kufanya kazi bila vyama vya pande mbili kukubali kugawana madaraka. Mwaka 2017 Sinn Féin walijitoa, likafungwa miaka mitatu. Mwaka 2022 DUP nao wakajitoa kupinga mpango wa biashara uliofuata Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, likakwama hadi Februari 2024. Hospitali zilikuwa na foleni, bajeti haikuwa na wa kuipitisha, na wabunge waliendelea kulipwa. Katika vipindi vyote viwili waziri kutoka London aliwakata asilimia 27.5 ya mshahara.

Mfano huu ni mgumu kwangu na sitajifanya haunigusi. Wananchi wa Belfast walikuwa na hasira ileile ya abiria wa Wandegeya, na kwa haki. Lakini tazama jinsi makato yale yalivyopangwa. Kiwango kilitokana na ripoti ya mtu aliyeombwa kuchunguza jambo hilo kwa uhuru, katibu wa zamani wa bunge lilelile, si mpinzani wa chama kilichogoma. Hakikuchukua mshahara wote, kwa kuwa ilikubaliwa kwamba wabunge waliendelea kuwahudumia watu majimboni hata ukumbi ulipofungwa. Tena kiliwagusa wote, waliogoma na waliotaka kukaa. Hilo la mwisho ni dhuluma kwa waliotaka kukaa, naliona. Ila kuna jambo lisilowezekana katika mpango huo: kumchagua mtu mmoja aliyesema vibaya juu ya serikali na kumwita mtoro. Na je, makato yaliwarudisha? DUP walirudi walipopata makubaliano na serikali ya Uingereza kuhusu biashara ile, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kukatwa. Sioni ushahidi kwamba ni mshahara uliowavuta.

Kwa hiyo naweza kumjibu Mwalimu hivi: posho ya siku iende na siku, hakuna kufika, hakuna posho, na daftari liwekwe wazi ili mpiga kura wa kila jimbo alisome kabla ya uchaguzi. Mshahara usiguswe na Spika wala na wengi wa siku hiyo. Kama ni lazima uguswe, mbunge asikilizwe kwanza, na uamuzi utoke kwa mtu ambaye hatafaidika na ukimya wake. Najua kuna wabunge wavivu ambao watanufaika na ukarimu huu. Watakuwa wanalipwa mpaka uchaguzi, na huenda hata baada ya uchaguzi. Bei hiyo naikubali, ingawa siilipi mimi peke yangu.

Anayeilipa nilimsomea makala hii kwa simu, jioni, umeme ukiwa umekatika kwake. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilitegemea aulize juu ya mshahara wake, kwa nini nimewapa wabunge kinga ambayo yeye hakuipata. Hakuuliza hilo. Aliuliza watu wa kule Singida, toka mtu wao apigwe risasi mpaka aapishwe mwingine, walisemewa na nani bungeni.

Nilimwambia ilikuwa miaka miwili kasoro siku chache, na kiti chao kilikuwa kitupu muda wote huo.

"Basi na hilo uliandike," akasema.

Nimeliandika.